Kopo la Babu, Stiki ya Baba

Nikiwa mdogo hapa Coventry, kila Ijumaa jioni baba alikuwa anatoka nje na kipande cha karatasi ya jikoni mkononi. Anafungua boneti, anachomoa stiki ya oili, anaipangusa, anaichomeka, anaichomoa tena, anaitazama kwenye mwanga wa taa ya barabarani. Kisha anafunga boneti na kuingia ndani kunawa mikono. Dakika tatu, basi. Mimi nilikuwa naona aibu, kusema kweli. Baba za wenzangu walipeleka magari yao gereji, wangu alisimama barabarani majirani wote wakimwona.

Kwenye kipindi cha juzi nilitania kuhusu ile karatasi ya jikoni, na wengi mkaniandikia kwamba hata kwenu ilikuwepo. Kwa hiyo leo nataka niieleze vizuri, maana nimekuja kugundua kwamba ile stiki ina historia ndefu, na familia yangu imo ndani yake vizazi viwili kabla yangu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Gari langu la kwanza nililinunua nikiwa na miaka 24, la mtumba, na kabla ya safari ya Manchester nikaona taa ya oili imewaka. Nikaenda dukani, nikanunua lita mbili, nikamimina zote. Nilidhani ukizidisha ndiyo salama zaidi. Baba akaja, akachomoa stiki, oili imepita alama ya juu kwa zaidi ya upana wa kidole. Akanitazama. "Kwani wakaanga mahamri?"

Hapo ndipo nilipofundishwa. Chini ya injini kuna bakuli, mafundi wanaliita sampu, na oili inakaa humo. Juu yake kidogo tu linazunguka krenki, lile chuma zito linalosukumwa na pistoni, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa na vyuma vinasagana vikavu. Ila ikizidi, krenki linaifikia, linaipiga kama mwiko unavyopiga mayai, inakuwa povu. Pampu inasukuma povu, na povu halitenganishi chuma na chuma. Mwisho wa yote mawili ni mmoja. Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu pana kama lita moja tu, kwa hiyo mimi nilikuwa nimezidisha vibaya.

Tuliitoa kwa bomba la sindano lenye mrija mwembamba, tukiupitisha kwenye tundu lile lile la stiki, kidogo kidogo, kila mara tunapima. Ingewezekana pia kulegeza nati ya chini, lakini ukizubaa inamwagika yote. Saa nzima ikapita. Baba akawa ananieleza masharti: gari lisimame mahali tambarare, injini iwe na joto lakini imezimwa dakika tano au kumi ili oili yote iteremke, na usomaji wa kwanza usiuamini, pangusa kwanza. Ukiongeza, ongeza robo lita, subiri, pima. Nikamuuliza amejifunza wapi yote hayo. Akasema, "Kwa babu yako. Yeye hakuwa na stiki."

Babu alifanya kazi kwenye reli, Mombasa. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta injini za mvuke kabla hazijapanda kwenda Nairobi. Enzi zake zilikuwepo zile Garratt za daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250. Ukienda makumbusho ya reli Nairobi utaiona Mount Gelai, na nakushauri usimame karibu na magurudumu yake uhesabu viungo. Garratt ni kama injini mbili zilizobeba tangi moja la mvuke katikati, kwa hiyo kila kinachohitaji mafuta kipo mara mbili. Babu alizunguka na kopo la mdomo mrefu na kitambaa, kiungo kwa kiungo. Kipimo chake kilikuwa jicho, kidole, na sikio.

Kazi hii ilikuwepo popote palipokuwa na reli, na karibu kila mahali ilipewa watu wa chini. Hapa ndipo inapoingia habari ya mtu ambaye nadhani sisi, watoto wa waliohama, tunapaswa kumjua: Elijah McCoy.

Alizaliwa Ontario, Kanada, miaka ya 1840. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, wakatoroka na kuvuka mpaka. Yaani yeye ni kizazi cha pili, kama wewe na mimi. Akiwa na miaka 15 wazazi wakampeleka Edinburgh, Scotland, akasomea uhandisi wa mitambo. Aliporudi, familia ilikuwa imehamia Michigan, Marekani, naye akaomba kazi kwenye reli ya Michigan Central. Mhandisi mwenye mafunzo ya Scotland, lakini mweusi. Wakampa kazi ya kuchochea moto na kupaka mafuta.

Siku hizo treni ililazimika kusimama kila baada ya mwendo fulani ili mtu ashuke na kopo azunguke injini nzima. Ugumu mkubwa ulikuwa silinda: mvuke ndani yake una nguvu, unasukuma nje chochote unachojaribu kuingiza. McCoy, ambaye ndiye aliyekuwa anashuka na kopo, akaunda kikombe cha mafuta ambacho nguvu ya mvuke wenyewe ndiyo inayofungua vali yake, mafuta yakaingia injini ikiwa kazini. Hataza yake ya kwanza aliipata Julai 1872. Hadi anafariki, 1929, alikuwa na hataza zaidi ya 50, nyingi zikiwa za ulainishaji.

Nisimkuze kupita kiasi. Hakuwa wa kwanza duniani, Waingereza walikuwa na vikombe vyao vya kulainishia tangu miaka ya 1860. Na ule msemo wa Kiingereza wenye jina la McCoy, wa kusifia kitu halisi, watu hupenda kusema umetokana naye, lakini msemo unaofanana nao ulishatumika Scotland kabla yake. Mimi naona hahitaji huo msemo. Mtu amenyimwa kiti cha mhandisi, akapewa kopo, na tatizo la kopo akalitatua kama mhandisi. Inatosha.

Sasa magari. Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na cha kupima: mafuta yalidondoka tone kwa tone, yakapita kwenye injini na kumwagika barabarani. Ford Model T, lililoanza 1908 na kuuzwa zaidi ya milioni 15, lilitunza oili yake ndani, lakini stiki halikuwa nayo. Lilikuwa na vibomba viwili chini, kimoja juu ya kingine. Ukitaka kupima unalala chini ya gari na kufungua. Cha juu kikitoa oili, imetosha. Cha chini kisipotoa, usiwashe. Fikiria uko na suti yako ya Ijumaa. Model A lilipofuata mwishoni mwa 1927 likaja na stiki, na mwenye gari akaweza kupima amesimama wima.

Ufundi wake ni mdogo mno, chuma chembamba chenye alama mbili. Lakini kile alichojua babu kwa kidole na sikio baada ya miaka ya kazi, sasa kiliandikwa kwenye chuma, yeyote akaweza kukisoma. Mpaka mtoto.

Baba alikuja Uingereza 1986 na diploma ya ufundi mitambo ya Mombasa. Hapa haikutambuliwa. Karakana moja ya mabasi ikampa zamu ya usiku: kujaza dizeli, kuosha, kupima oili. Mabasi 40 kwa usiku mmoja, stiki 40. Mafundi wenye vyeti vya hapa waliingia asubuhi. Alikaa hivyo miaka saba kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Hili hakuwahi kunieleza nikiwa mtoto, na mimi niliyekuwa naona aibu ile karatasi ya jikoni sikuwahi kuuliza kwa nini mikono yake ilikuwa inajua kazi ile gizani.

Gari ninaloendesha sasa halina stiki. BMW walianza kuiondoa kwenye baadhi ya injini zao katikati ya miaka ya 2000, na wengine wakafuata: kuna kifaa ndani ya sampu kinachopima na kuandika kwenye skrini. Sipendi. Kikiharibika unalipia kwanza kujua kama oili ipo. Baba alipokuja kuliona alifungua boneti, akatafuta upande huu, akatafuta upande ule, karatasi mkononi.

"Sasa wajuaje?"

Nikamwonyesha skrini. Akaisoma bila kusema neno. Tukakaa ndani ya gari, mvua ikaanza, nikamsimulia McCoy tangu Kentucky hadi Edinburgh hadi kopo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia angesema kitu kuhusu yale mabasi.

"Alilipwa?" akauliza.

Nikamwambia hakuwa na mtaji, kwa hiyo haki za vitu vyake vingi aliziuza, na watengenezaji hawakuandika jina lake juu yake. Kampuni yenye jina lake aliianzisha 1920, ameshakuwa mzee wa miaka sabini na kitu.

"Sabini na kitu," baba akasema. Yeye ana 71. Akaniuliza kama magurudumu nimeyapima upepo.