Kibwagizo katika Maombolezo ya Shaaban Robert

Shairi la "Amina", ambalo Shaaban Robert (1909–1962) alimwombolezea mkewe, na ambalo limo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, lina beti 6 tu. Kila ubeti una mishororo 4, na kipimo cha mshororo ni vipande viwili vya mizani 8. Umbo hilo halikuwa geni: Muyaka bin Haji alikuwa amelistawisha Mombasa tangu mwanzo wa karne ya 19. Kwa hiyo wako wauonao mshororo wa nne, urudiwao bila kubadilika, kuwa ni desturi ya utungaji tu. Vina vyake vyawakanusha.

Kina cha mwisho hakisumbui. Mishororo yote yaishia kwa irabu a. La kutazamwa ni kina cha kati. Kibwagizo chadai kwamba mauti hayana nguvu juu ya kifungo cha wapendanao, na kina chake cha kati ni nga. Katika ubeti wa kwanza mishororo mitatu ya juu nayo yabeba nga, hata kibwagizo chafika kama mtu arejeaye kwao. Tangu ubeti wa pili mpaka wa tano vina vya kati vyageuka: ke, ki, zi, ka. (Mkali wa vina, mwenye sheria za Amri Abedi za mwaka 1954 mkononi, atalalamika kuwa ke imechanganywa na kwe, ana haki.) Katika beti hizo nne kibwagizo hakina mwenzi wa kukiitikia. Maneno yasema kifungo kingali imara. Sauti yakiri upweke. Ubeti wa sita warejea nga, palepale mtungaji atajapo ufufuo.

Je, hayo husikika mbali na pwani? Miongoni mwa lugha zisemwazo Mwanjelwa, mjini Mbeya, ni Kinyakyusa, ambacho hutenga irabu ndefu na fupi. Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi bila kupima urefu wake. Aliyelelewa kwa lugha hiyo huenda mizani ikamyumbia. Nga haimpotei. Kuisikia hakuhitaji sikio la mzaliwa wa Tanga. Kwahitaji beti zote 6 zisomwe kwa sauti, wala kibwagizo kisirukwe, kama warukavyo wengi wakishakisoma mara moja.