Mavazi ya Nje ya Ua
Katika bogenivilia zinazopamba bustani za Karatu, kinachong'aa kwa zambarau si ua. Ni brakti, majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua halisi ni ile mirija midogo myeupe iliyo katikati.

Mibuni ya Oldeani haina ujanja huo. Petali zake tano nyeupe huungana chini kuwa mrija. Sepali, ambazo kwa maua mengi hulinda tumba kabla halijachanua, hapa zimebaki vijino tu, huenda usizione.

Gloriosa, mmea wa porini Tanzania, ni mkaidi zaidi: sepali zake tatu hufanana na petali tatu, nyekundu kwa njano, hivyo zote sita huitwa tepali. Tafadhali usiichume. Ina sumu kali.