Kanuni za mpira zikibadilika, nani anapata na nani anapoteza? Historia ya Mazembe inajibu

KARAVIA, LUBUMBASHI. Katika viwanja vya vumbi vya jiji hili, mechi ya watoto haianzi na filimbi. Inaanza na makubaliano. Goli ni mawe mawili. Kona tatu ni penalti, au hapana? Mpira ukipita juu ya kichwa cha golikipa, unahesabiwa? Mtoto aliyezaliwa hapa ana kanuni zake. Mtoto ambaye familia yake ilikimbia vita kutoka Goma, Bukavu au Kalemie amekuja na za kwao. Ni lazima waelewane kwanza, ndipo mpira uguswe.

Wakubwa nao wana mabishano kama hayo, ila ya kwao hayaishi. Kuna wanaosema kwamba mpira wa zamani ulikuwa mtamu, na kwamba tangu walete video, wachezaji watano wa akiba na mambo mengine mapya, kabumbu imeharibika. Wengine wanajibu kwamba bila mabadiliko hayo wizi ungeendelea mpaka leo. Kila upande una mifano yake kutoka Ulaya. Lakini kwa swali hili hakuna haja ya kwenda mbali. Klabu ya Kamalondo, Tout Puissant Mazembe, imepitia karibu kila kanuni, na historia yake ina jibu ambalo si la upande mmoja.

Kombe la 1967

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, enzi jiji likiitwa Élisabethville. Mwaka 1967 ilikuwa ikiitwa Tout Puissant Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi, na ilifika fainali ya kombe la klabu bingwa za Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza, kule Kumasi, iliisha 1-1. Ya marudiano, Kinshasa, iliisha 2-2. Jumla ni 3-3.

Leo mtoto yeyote anajua kinachofuata: penalti. Wakati ule penalti za kumaliza mechi hazikuwepo katika sheria za mpira. Duniani, timu zikilingana mara nyingi mshindi alipatikana kwa kura au kwa sarafu. Mwaka uliofuata, 1968, Italia iliitoa Umoja wa Kisovyeti katika nusu fainali ya kombe la Ulaya kwa sarafu tu, baada ya dakika 120 bila goli.

Kwa Englebert na Kotoko iliamuliwa ichezwe mechi ya tatu nchini Cameroon. Englebert ilifika. Kotoko haikufika. Huko Ghana watu wanasimulia mpaka leo kwamba habari ya tarehe haikuwafikia wachezaji kwa wakati. Kombe likapewa Englebert. Ndivyo kombe la kwanza la Afrika lilivyoingia Lubumbashi: mshindi alijulikana bila mpira kupigwa siku ile.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Ulaya ilikuwa imekwisha kuanza, tangu 1965, kutumia kanuni ya goli la ugenini: timu zikilingana, anayeshinda ni yule aliyefunga magoli mengi kwa mwenzake. Kotoko ilifunga mawili Kinshasa. Englebert ilifunga moja Kumasi. Kanuni hiyo ingetumika katika fainali ile, kombe lingekwenda Ghana.

Kombe la 2009

Englebert ilishinda tena mwaka 1968, ikafika fainali za 1969 na 1970 na kuzipoteza zote mbili, ile ya mwisho mbele ya Kotoko hao hao. Halafu ukaja ukame mrefu wa kombe hilo.

Novemba 2009, Mazembe ilikuwa tena katika fainali, dhidi ya Heartland ya Nigeria. Kule Owerri ilifungwa 2-1. Hapa Lubumbashi, katika uwanja wa Kibassa Maliba, ilishinda 1-0. Jumla ni 2-2. Sasa goli la ugenini lilikuwa kanuni ya Afrika. Goli moja la Owerri likawa na uzito kuliko yote, na kombe likarudi Katanga. Mwaka uliofuata Mazembe ililitetea, ikaenda Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la klabu, ilipofungwa 3-0 na Inter ya Italia.

Mshabiki wa Lupopo akisoma hesabu hii atacheka: kumbe mwaka 1967 Mazembe ilipata kombe kwa sababu kanuni haikuwepo, na mwaka 2009 ikapata kwa sababu kanuni ipo! Ana haki ya kucheka. Lakini kicheko chake kina somo kwa wote. Kanuni haiwezi kupimwa kwa kuangalia nani alifaidika nayo. Anayesema kanuni ni nzuri kwa kuwa imempa kombe, kesho ataiita mbaya ikimnyima. Kipimo lazima kiwe kingine.

Kipimo kiko wapi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Goli la ugenini lilitungwa kwa sababu hiyo. Miaka ya 1960 safari zilikuwa ngumu, viwanja vigeni, mashabiki wakali, na timu mgeni ilikuwa ikijificha nyuma dakika zote 90. Kanuni iliipa sababu ya kushambulia. Mwaka 2021 Ulaya iliifuta, ikisema kwamba kucheza ugenini si kugumu tena kama zamani, na kwamba sasa ni timu mwenyeji inayoogopa kushambulia isije ikafungwa.

Afrika haikuifuta wakati huo. Mwaka 2024, katika robo fainali, Mazembe ilitoka 0-0 na Petro hapa Lubumbashi, ikaenda kupata 1-1 Luanda na kusonga mbele kwa goli la ugenini. Je, Afrika imechelewa? Si lazima. Anayejua timu za bara hili zinavyosafiri, kwa ndege za kubadilisha mara mbili au tatu, anajua kwamba ugenini wa Afrika bado ni ugenini wa kweli. Kanuni iliyozeeka Ulaya inaweza kuwa bado na kazi kwetu. Kipimo cha kwanza ni hicho: kanuni inatibu ugonjwa uliopo hapa, au imenakiliwa tu?

Kipimo cha pili kinaonekana katika penalti, zilizoingia katika sheria za mpira mwaka 1970. Wengi wanaziita bahati nasibu. Lakini zililinganishwe na kilichokuwepo kabla. Machi 1974, mjini Cairo, Zaire na jirani yetu Zambia zilitoka 2-2 katika fainali ya kombe la Afrika. Ikabidi zirudiane baada ya siku mbili. Ndaye Mulamba, aliyekuwa amefunga mawili, akafunga mengine mawili, Zaire ikashinda 2-0. Magoli yake tisa katika mashindano yale hayajafikiwa na mtu.

Marudiano ni haki, lakini yana gharama: mishahara, hoteli, na shabiki aliyekwisha kutumia pesa zake zote. Hata Australia, ambako familia nyingi za Wakongo zimepata makazi, watu walibishana juu ya jambo hilo. Wao wana mpira wao wa mviringo wa yai, wenye wachezaji 18 kila upande. Mwaka 2010 fainali yao ya Melbourne kati ya Collingwood na St Kilda iliisha 68-68, ikarudiwa wiki iliyofuata na Collingwood ikashinda kwa urahisi. Mwaka 2016 wakafuta marudiano na kuweka dakika za nyongeza. Kuna wanaolilia desturi ile mpaka leo, na kuna wanaosema afadhali mambo yaishe siku hiyo hiyo, mbele ya watu waliokuja.

Penalti nazo zinamaliza mambo siku hiyo hiyo, na zinayamaliza kwa miguu ya wachezaji. Januari 2024, nchini Côte d'Ivoire, Kongo na Misri zilitoka 1-1. Penalti zikafika hadi kwa magolikipa. Wa Misri akagonga mwamba. Lionel Mpasi wa Kongo akafunga: 8-7. Ni kikatili kwa aliyekosa, lakini kila mtu aliona kwa macho yake kwa nini Kongo imepita. Hakuna sarafu, wala barua iliyopotea njiani. Kanuni inayotoa uamuzi kwenye ofisi na kuurudisha uwanjani, hiyo imeujenga mpira.

Video na macho ya watu

Video inagawa watu zaidi. Anayeipinga akumbuke Ujerumani, Juni 1974, Zaire ilipofungwa 9-0 na Yugoslavia. Mwamuzi alipigwa teke na mchezaji, akatoa kadi nyekundu. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe. Aliyetolewa nje ni Ndaye Mulamba. Ndaye alikataa, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Sheria ya leo inaruhusu video kusahihisha kosa la namna hiyo, na ingechukua nusu dakika tu.

Lakini anayeitetea naye akumbuke Pretoria, Aprili 2024. Yanga ya Tanzania ilicheza na Mamelodi Sundowns. Aziz Ki alipiga shuti lililogonga mwamba na kudunda chini, karibu na mstari. Wengi Afrika Mashariki waliapa kwamba lilikuwa goli. Video ikasema hapana, na Yanga ikatolewa kwa penalti. Mashine ilikuwepo, lakini picha haikuwaridhisha watu, na hasira ikawa kubwa kuliko kama mwamuzi angekosea peke yake. Kifaa cha haki ambacho watu hawaoni kinavyofanya kazi hakitulizi mtu.

Kosa lililorekebishwa

Mfano wa mwisho ni wa karibuni. Kuanzia 2020, shirikisho la Afrika liliacha fainali ya nyumbani na ugenini ya ligi ya mabingwa, likaweka mechi moja kama Ulaya. Mwaka 2022 Casablanca ilitangazwa kuwa mwenyeji mwezi Mei, mashindano yakiwa tayari katika nusu fainali. Wydad, timu ya mji huo huo, ikafika fainali na kuifunga Al Ahly 2-0 mbele ya mashabiki wake. Al Ahly ililalamika kabla hata ya mechi. Mwaka 2023 fainali mbili zikarudishwa.

Kosa pale halikuwa kubadilisha kanuni tu. Mahali palitajwa mchezo ukiwa umeshaanza. Na kwa shabiki wa Kamalondo au wa Dar es Salaam, fainali katika nchi ya tatu ni fainali ya kwenye televisheni tu. Ile ya nyumbani na ugenini angalau mara moja inakuja kwake.

Kwa hiyo mabadiliko yameujenga mpira mara nyingi, na kuuharibu mara kadhaa. Yaliyojenga yalikuja kutibu kasoro ambayo kila mtu aliiona, yakatangazwa mapema, yakamhusu kila mmoja sawa. Yaliyoharibu yalinakiliwa, au yaliamuliwa mbali na wachezaji na watazamaji.

Watoto wa viwanja vya vumbi wanalijua hilo bila kufundishwa. Aliyezaliwa Karavia na aliyefika juzi kutoka Goma wanaweza kukubali kona tatu ziwe penalti, au wakatae. Yote mawili ni sawa. Jambo wasilokubali ni mwenye mpira kubadilisha kanuni baada ya kufungwa.