Vijana wa Njia Panda: Asili ya "Mzururaji" katika Mpaka wa Tunduma

Neno "mzururaji" ni jepesi kulitamka, tena hutamkwa kila siku. Hutupiwa kijana aketiye kituo cha mabasi bila safari, kijana aliyemaliza shule asipate kazi, na binti aliyeondoka kijijini kwao ambaye majirani hawajui anaishi kwa nani. Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapo hukumu huwa imekwisha kupitishwa. Katika makala haya tunakusudia kulirudia suala hili kwa njia ya historia, tukiuangalia mji mmoja wa mpakani, yaani Tunduma, pamoja na vijiji vya milimani ambavyo vijana wake huteremkia huko. Tutaona kwamba kijana huyu hakuzuka ghafla. Alitengenezwa hatua kwa hatua, na mara nyingi waliomtengeneza ndio hao hao waliomhukumu.

Hatuna budi kuanza vijijini. Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, wanakaa Wandali, wakulima wa milima iliyo juu ya bonde la mto Songwe. Majirani zao ni Walambya, Wamalila, Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa upande wa Tunduma, na Wanyakyusa wa Rungwe. Jamii hizi zilikuwa na taratibu zao za kumpatia kijana mahali pake. Utaratibu ulioelezwa kwa urefu zaidi katika vitabu ni ule wa Wanyakyusa, ambao mtaalamu Monica Wilson aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Wavulana wa rika moja walitoka katika nyumba za wazazi wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji. Walilima mashamba ya baba zao, wakala kwa mama zao kwa zamu, na polepole kibanda kikawa nyumba na kambi yao ikawa kijiji. Wakati ulipowadia, kizazi cha wazee kilifanya sherehe kubwa ya kuwakabidhi vijana uongozi wa nchi.

Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Wazee ndio walioshika ng'ombe, na bila ng'ombe kijana hakuweza kuoa. Aliweza kungoja miaka mingi, huku mzee akiongeza mke mwingine. Kwa hiyo manung'uniko ya vijana yalikuwapo hata zamani. Tofauti ni kwamba kijana aliyenung'unika alijua anangoja kitu gani, na alijua kwamba siku yake itafika.

Utaratibu huo ulivunjwa na mambo mawili, mpaka na kodi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana nchi ambazo si zao. Mpaka ulifuata mto Songwe, kisha ukaelekea magharibi karibu na Barabara ya Stevenson, njia iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wako katika makoloni mawili, na ndugu wa ukoo mmoja wakawa wageni wao kwa wao. Mahali ambapo njia ilikutana na mpaka, baadaye palistawi miji miwili iliyoshikana, Tunduma upande wetu na Nakonde upande wa Zambia.

Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo milimani. Kijana alilazimika kuifuata iliko. Kuanzia miaka ya 1920 wengi walikwenda Lupa, huko Chunya, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa. Wengine walivuka Tunduma kwa miguu wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, kama vile Nkana, Mufulira na Roan Antelope. Wengine waliandikishwa na chama cha wenye migodi ya Afrika Kusini, ambacho wananchi walikiita Wenela, wakashuka chini ya ardhi ya Witwatersrand. Mwenye mgodi alimtaka kijana mwenye nguvu, bila mke wala watoto. Mkataba ulipokwisha, au alipoumia, alirudishwa alikotoka. Njia ya kwenda ilikuwa na wakala wa kuandikisha, lakini njia ya kurudi haikuwa na mtu wa kumpokea.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizidisha mateso hayo. Majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana katika mpaka huu huu, na wanaume kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi. Mwaka 1917 kundi dogo la vijana waliofukuzwa kutoka Rodesia ya Kusini lilirejea kwao upande wa pili wa mpaka, akiwamo Hanoc Sindano. Waliwahubiria Wanyamwanga, Waiwa na Wamambwe mafundisho ya Watch Tower kwa namna yao wenyewe, wakisema kwamba utawala wa wazungu ulikuwa karibu kukoma. Vijana waliochoshwa na mizigo ya vita waliacha kuwatii machifu, wamisionari na maofisa. Serikali ya kikoloni iliwakamata wengi katika miaka ya 1918 na 1919. Baadaye Sindano alianzisha kijiji chake karibu na Abercorn, ambayo leo ni Mbala, akakiita Yerusalemu. Tunaona hapa jambo la kuzingatia. Watu waliohesabiwa kuwa wahuni wasio na makao walipopata nafasi, kitu cha kwanza walichokijenga kilikuwa makao.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika ngoma. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya, ikaenea bara pamoja na askari na vibarua, ikafika hadi kwenye migodi ya shaba. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga. Katika ngoma hizo vijana walikuwa na vyeo, mavazi ya pamoja, adabu na michango ya kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Maofisa waliona gwaride la kuchekesha, na baada ya mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935 wakaanza kulitilia mashaka. Sisi tunaona rika la kale likitafuta mwili mpya.

Lakini sheria haikutazama hivyo. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945 ilikuwa na vifungu vya kumwadhibu mtu asiye na kazi na mzururaji, na serikali ilikuwa na uwezo wa kuwaondoa mijini watu iliowaona hawafai. Hivyo koloni lile lile lililomtoa kijana kijijini kwa kodi lilimfanya mkosaji alipofika mjini.

Uhuru wa mwaka 1961 ulibadili mwelekeo. Serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa Wenela, na mwaka 1963 Jeshi la Kujenga Taifa likaundwa. Kisha ikaja reli. Baada ya walowezi wa Rodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya bahari isiyopita katika mikono yao. Kwa mkopo usio na riba kutoka China, ujenzi wa Reli ya Uhuru ulizinduliwa Oktoba 1970. Maelfu ya vijana, wengi wao wasio na ujuzi wowote, waliishi kambini, wakajifunza kupasua mwamba, kuseremala na kuendesha mitambo. Kati ya Mlimba na Makambako peke yake yalichimbwa mahandaki 18. Mwezi wa Agosti 1973 reli ilivuka mpaka hapa Tunduma, na mwaka 1975 kazi ya kutandika kilomita 1,860 ikakamilika. Kijana aliyevuka mpaka huu kwa siri akienda kuchimba shaba ya wengine sasa aliuvuka akijenga cha kwake.

Kazi ilipokwisha, kambi zilifungwa. Wengi walibaki katika miji ya njiani, wakiwamo waliokuja Tunduma kufuata malori ya barabara kuu. Wakati huohuo shule za msingi zilipanuliwa sana kuanzia mwaka 1977, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kilimo kilikuwa na dhiki ya pembejeo na bei. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake ya kumfanya kila mtu awe na kazi ilikuwa njema, bali katika utekelezaji wengi walikamatwa mijini wakarudishwa vijijini, na baada ya muda wakarejea mjini. Kumrudisha mtu alikotoka bila kubadili kilichomwondoa ni kumzungusha tu.

Siku hizi Tunduma ni mji wenye halmashauri yake katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, na tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde. Kijana wa Ikinga hupitia Isongole na Mpemba akafika huko kwa muda mfupi. Humkuta utingo kutoka Mbozi, mbeba mizigo kutoka Momba, na binti auzaye chai kwa madereva waliolala foleni. Kila mmoja ana jambo lililomtoa kwao, na hakuna rika linalowaunganisha isipokuwa lile wanalojiundia barazani.

Tunawaomba walimu na wanafunzi wafanye uchunguzi mdogo. Waulizeni wazee wa kijiji chenu ni nani waliokwenda Lupa, Wenela au relini, walirudi na nini, na nani aliwapokea. Majibu yataonyesha kwamba karibu kila ukoo una mtu aliyepata kuitwa mzururaji, na kwamba mtu huyo aliacha kuitwa hivyo siku alipopewa kazi na wenzake wa kuifanya nao. Kumfunza kijana ni wajibu wa mama, ndiyo. Kumpokea arudipo ni wajibu wa jamii nzima, na hilo ndilo tulilolisahau.