Njia ya Majembe: Hija ya Wakinga kwenda Lubaga

Neno hija litajwapo, mawazo yetu hukimbilia mbali: Maka, Yerusalemu, au Namugongo katika Uganda, ambako mahujaji huwasili kwa miguu kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni. Si wengi wakumbukao kwamba Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na hija yao wenyewe kabla ya kanisa la kwanza kujengwa huko. Ilianza Ukinga, katika milima iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, ikaishia Lubaga katika nchi ya Wanyakyusa, upande wa Mbeya.

Masimulizi yasema kwamba shujaa aitwaye Lwembe alitoka Ukinga akashuka kwa Wanyakyusa. Mashujaa wa namna yake walisifiwa kuwa ndio walioleta moto, ng'ombe, mbegu na chuma. Jina lake likawa cheo cha kurithiwa, na kila aliyekishika aliaminiwa kubeba rutuba ya nchi mwilini mwake. Kwa hiyo hakuachiwa kufa kama watu wengine. Alipougua sana, wazee wake walimziba pumzi. Nao walichukua kwanza nywele na kucha zake, wakazizika katika tope la mto ili chakula kisiihame nchi. Habari hizi ziliandikwa na Monica Wilson katika kitabu kilichotoka mwaka 1959, kutokana na uchunguzi alioufanya pamoja na mumewe Godfrey baina ya 1934 na 1938.

Makuhani wa Ukinga walikwenda Lubaga kutambika, nao walichukua majembe ya chuma. Sadaka hii ilikuwa na maana iliyo wazi. Ukinga ni nchi ya baridi, lakini watu wake walijua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua. Unyakyusa ilikuwa na migomba, maziwa na udongo mwema, lakini chuma kilikuwa haba. Kila upande ulikuwa na kile ambacho mwenziwe alikikosa, na njia ya matambiko ilikuwa pia njia ya biashara.

Na tuufikiri mwendo wa siku moja katika njia hiyo. Asubuhi msafiri huondoka katika ukungu, juu ya mita 2,000, mahali pa majani mafupi na mianzi. Kisha hufika ukingoni mwa Milima ya Livingstone, na ardhi huporomoka kuelekea bonde la Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hapo magoti huchoka kuliko pumzi, na jembe la begani huzidi uzito. Kadiri ashukavyo, joto huongezeka, mpaka aingie katika vivuli vya migomba. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, aliusifu sana uzuri wake na usafi wa nyumba zake.

Jioni hapakuwa na nyumba ya kulala kwa malipo. Wanyakyusa walikaa katika vijiji vya marika, vijana waliolingana umri wakijenga pamoja na kula pamoja. Maisha hayo waliyaita ukwangala, yaani raha ya kuwa na wenzi wema, nao waliyahesabu kuwa adabu ya kwanza ya mtu. Katika nchi ya adabu hiyo, malazi ya mgeni yalitegemea kujulikana kwake.

Hapa ndipo penye fundisho la historia. Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao iligawanyika katika himaya ndogo ndogo kiasi cha mia, kila moja na malafyale wake. Hapana jeshi lililowaunganisha na Wakinga, ambao hata lugha yao ni nyingine. Hata hivyo waliungana kwa kiasi fulani, na kiungo kilikuwa njia ya miguu, jembe na heshima ya mahali pamoja. Mwanafunzi atafutaye dola na vita peke yake hawezi kuuona umoja wa namna hii.

Njia hiyo ilififia polepole. Wamisionari waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na Bulongwa katika Ukinga mwaka 1895. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa bei ndogo, na matanuri ya Wakinga yakapoa. Baada ya dhahabu kugunduliwa Lupa mwaka 1922, vijana wa milima hiyo walizidi kutembea, lakini kwa kutafuta mshahara. Wengine walikwenda mbali mpaka mashamba ya mkonge, wakalala kambini na kuitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Miguu ilikuwa ile ile, na milima ile ile. Lakini yule aliyepeleka jembe Lubaga alijulikana huko kwa ukoo wake, na huyu alijulikana kwa namba yake.