Kabla Ununue Mbwa, Uliza Babu Yake Alifanya Kazi Gani

Hakuna mwezi unaisha kabla msee aniulize achukue mbwa gani, na kila mara swali linakuja na picha. Huyu anataka Husky juu ya yale macho ya buluu. Yule anataka German Shepherd juu masikio yamesimama poa. Nikimuuliza anaishi wapi, ni bedsita Roysambu, gorofa ya nne, anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku akiwa amechoka kama punda.

Hii tabia ya kuchagua mbwa kwa sura ina historia. Mwaka 1859, mji wa Newcastle, Uingereza, watu walileta mbwa wa kuwinda ndege, majaji wakawaangalia, zawadi zikatolewa. Hayo ndiyo huhesabiwa kuwa maonyesho ya kwanza ya mbwa ya kisasa. Mwaka 1873 Kennel Club ikaanzishwa London, na polepole kila aina ya mbwa ikaandikiwa kanuni: urefu, manyoya, mkia ukae vipi. Kabla ya hapo, mchungaji hakuwa na shida na rangi. Alitaka kujua kama mbwa atamaliza siku bila kulala. Sura ikaingia vitabuni, lakini kazi ilibaki kwenye damu.

Chukua German Shepherd, maana huyo ndiye Nairobi inampenda kupita kiasi. Mwaka 1899 kapteni wa zamani wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa mmoja kwenye maonyesho mjini Karlsruhe. Akamnunua, akampa jina Horand von Grafrath, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha aina hiyo. Horand akaandikwa namba moja kwenye daftari.

Sasa sikia kazi yenyewe. Sehemu nyingi za Ujerumani mashamba hayakuwa na ua. Kondoo wanakula nyasi kando ya njia, na hatua mbili kutoka hapo ni ngano ya mtu. Mbwa ndiye alikuwa ua. Kutwa nzima anapita kwenye mpaka, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akimrudisha yeyote anayejaribu kuvuka. Si dakika ishirini za kutembezwa jioni. Ni siku nzima, kesho tena.

Kwenye ploti fulani karibu na kwetu kuna mmoja amefungiwa kibanda cha mabati tangu asubuhi hadi usiku. Anatembea upande huu, anageuka, anarudi, hadi simiti imeng'aa. Watu wa ploti wanasema ana wazimu. Mimi nikimwangalia naona mfanyakazi anayelinda mpaka wa kondoo ambao hawapo.

(Kama guka yako anamwita Alsatian, hakosei. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza hawakutaka kusikia kitu chenye jina la Kijerumani, wakambatiza upya. Jina lake la kwanza lilirudi rasmi kule mwaka 1977.)

Stephanitz mwenyewe aliona kazi ya kondoo ikipungua, akawasukuma mbwa wake waingie polisi na jeshini. Yaani alipoona ajira inaisha, aliwatafutia nyingine. Sisi tunawanyima zote mbili halafu tunachora MBWA KALI kwenye geti.

Husky naye ni kesi ngumu zaidi. Alitokana na mbwa wa Wachukchi, watu wa Siberia, waliovuta sleji kwenye barafu masafa marefu wakila chakula kidogo. Mwezi Januari 1925 mji wa Nome, Alaska, ulivamiwa na dondakoo, ndege hazingeweza kuruka, na dawa ikaletwa kwa sleji. Waendeshaji 20 na mbwa kama 150 walipokezana kilomita zaidi ya 1,000 kwa muda usiofika siku sita. Balto alipata sanamu New York kwa sababu ndiye aliyefika mwisho, lakini kipande kirefu na hatari kuliko vyote kilikuwa cha Togo. Huyo ndiye unayetaka akungoje gorofa ya nne ukiwa kazini? Atakula kochi, atakula mlango, halafu utasema hana adabu.

Na usichanganye mbio na nguvu za kutwa. Greyhound anaweza kugusa kilomita 60 kwa saa na bado ni mvivu wa ajabu. Alifugwa kukimbiza sungura kwa muda mfupi, shughuli iishe. Mpe nafasi ya kukimbia kidogo, siku iliyobaki analala. Pekingese ndiye alizaliwa kabisa kwa maisha ya ndani: kazi yake ilikuwa kukaa na wakubwa wa ikulu ya China. Wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa walipoipora ikulu hiyo mwaka 1860, mmoja alipelekwa kwa Malkia Victoria, na bila aibu akaitwa Looty, yaani kitu cha kuporwa.

Halafu kuna huyu wetu wa kienyeji, anayeitwa koko na kurushiwa mawe. Hakuna kapteni aliyemwandikia daftari. Kazi yake imekuwa kukaa karibu na watu, kubweka mgeni akija, kulala kivulini jua likiwaka. Kwa mtu wa kawaida wa mtaa, mwenye kiwanja kidogo na saa moja ya kutembea jioni, huyo ndiye ninayempendekeza kwanza, na akiwa mkubwa tayari, si kitoto. Mbwa wa miaka mitatu hana siri, unaona nguvu zake ukikaa naye mchana mmoja.

Kama wewe unakimbia Karura kila asubuhi, mvua ije isije, na wikendi uko Ngong Hills, basi chukua German Shepherd wako, mtaelewana. Lakini ukifika kwa yule jamaa anayeuza vitoto kando ya barabara, wacha kuangalia masikio. Muulize mama yao yuko wapi, na kutwa anafanya nini. Akikosa jibu, panda matatu urudi nyumbani.