Meli Iliyopangwa Upya Ndani

Huko Ulaya kuna watu wananunua basi kuukuu, wanang'oa viti, wanaweka kitanda, jiko na kabati, halafu wanazunguka na nyumba yao. Ukimsimulia mtu hapa kambini atacheka. Lakini sisi wa Rumonge na Nyanza-Lac tunayajua mambo hayo. Tofauti ni kwamba chombo chetu kilikuwa cha majini.

Chukua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa ziwani 1915, wakati wa vita, ikafungwa mzinga. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza walipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Basi, kila aliyeishika aliipanga ndani kwa haja zake: huyu mzinga, yule vyumba vya abiria na mahali pa mizigo.

Na sisi je, tulipanga nini?

Mwaka 1972 wazee wetu walikimbia mauaji wakavuka ziwa kwa mitumbwi. Mtumbwi wa kuvulia ndagala haukuundwa kubeba familia. Wakaondoa nyavu, wakalaza watoto chini, mama na mzigo katikati, mwenye nguvu akashika kasia. Huko nyuma, mashamba mengi ya michikichi yakachukuliwa na wengine, na kesi zake hazijaisha mpaka leo.

Mei 2015 ilikuwa zamu yetu. Kagunga ni ufuko mwembamba, nyuma yake mlima mkali, na wakati huo hapakuwa na barabara. Makumi ya maelfu ya watu walibanana pale, kipindupindu kikaingia. Liemba ilisimama mbali kidogo na ufuko, tukapelekwa kwa boti ndogo. Meli ya abiria 600 hivi, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Miaka 18 kabla, 1997, meli hiyo hiyo iliwarudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000.

Mle ndani hatukuwa na nyundo wala msumeno. Lakini kitenge kikafungwa kwenye nguzo, mzazi mwenye kichanga akapata pa kunyonyeshea. Sufuria zikapangwa kuwa mpaka kati ya familia na familia. Mgonjwa akawekwa penye upepo. Kwa saa chache, sitaha ikawa na vyumba.

Nawaambia hasa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Mnatupa hema moja, mnatukuta tumeshaligawa: turubai hapa, matofali ya udongo pale, jiko limehamia nje. Wengine wenu mnaandika kwamba tumeharibu. Hapana, jamani. Binti mkubwa hawezi kuvaa mbele ya baba yake. Bibi anahitaji pa kusali. Kabla ya kuchora hema lijalo, ingieni mwulize mwenye kulala humo ameligawaje, na kwa nini. Mtu aliyenyang'anywa shamba, nyumba na ziwa, kilichobaki mikononi mwake ni kupanga ndani.